Maji Yasiyo na Konokono

Mwezi uliopita Zarina alikuja kuniona. Alishuka kwenye gari la kukodi mbele ya nyumba yangu hapa Shinyanga, mwanamke mwenye mvi na miwani mikubwa, mkongojo wa chuma mkononi, na kabla sijamkaribisha ndani akaniomba nisimame pale pale nimtazame. Akamkabidhi dereva mkongojo. Akatembea kutoka getini hadi kwenye mwarobaini, hatua kumi na mbili, mguu wa kushoto ukichora nusu duara mchangani kama ulivyokuwa ukichora alipokuwa msichana. Akageuka. "Dada Kabula, umeona?" Nikamwambia nimeona, aache maringo, chai inapoa. Tulikuwa hatujaonana tangu familia yao ilipohamia ng'ambo. Tulilia kidogo, tukacheka sana, na baadaye, akichovya mkate wake kwenye chai kama mtoto, akaniuliza, "Hivi mwaka ule tulizunguka maji mangapi?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikakwama. Alipoondoka nilikaa nikayakumbuka yote, moja baada ya jingine, na nimeona niyaandike. Vijana wa siku hizi nikiwasimulia hucheka, maana sasa maji ya ziwa yanafika bombani, na hoteli zina mabwawa ya buluu ambayo mtu anaingia akitoka kula chipsi. Hudhani nasimulia habari za kuogelea. Mimi sijui kuogelea hadi leo. Mwaka ule nilitafuta maji ili wadogo zangu wasitawanyike.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Masanja alikuwa na kumi na mitatu, Milembe tisa. Wazazi wetu walikuwa wametangulia, na hayo sitayaeleza hapa. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, nikijua kufua, kupika na kusema kweli, na kwa vitu hivyo vitatu nilitegemea kuishi. Baba yetu mdogo alikaa upande wa Geita, mkulima aliyekuwa akichimba dhahabu na kuichekecha mtoni kila mashamba yalipompa nafasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja baada ya matanga, akala, akapangusa mdomo, akasema, "Nakupa hadi pamba ivunwe. Nikija nikikuta mna makao, mtabaki. Nikikuta mnahangaika, Masanja nitakwenda naye machimboni, na Milembe atakwenda kwa mama yenu mdogo kumsaidia kulea watoto. Na wewe utaolewa, mayu, hukosi mtu." Alisema "mayu" kwa upole, kama tunavyomwita binti mpenzi, na upole ule ndio ulionitisha. Mtu anayefoka unaweza kubishana naye.

Nilipata kazi kwa Mama Zarina. Alikuwa mjane wa Kihindi, Mwislamu, mwenye duka la vitambaa na gari aina ya Pijo la kijivu ambalo aliliendesha mwenyewe, jambo lililowafanya watu wa mjini wasimame kumtazama kama wanaotazama sarakasi. Zarina, mwanawe wa pekee, alikuwa ameugua polio. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba kama mwiko, umefungwa vyuma kuanzia kiatuni hadi pajani. Daktari mmoja alimwambia mama yake kwamba majini mguu hauna uzito, na kwamba msichana akiogelea kila wiki, mwaka mzima bila kukosa, misuli iliyobaki itaamka. Lakini aogelee wapi? Mama Zarina alizaliwa Mwanza na aliogelea ziwani tangu utotoni. Hapa kwetu Shinyanga aliona vumbi tu. Siku ya kwanza aliniita dukani, mkasi mkononi, akaniambia moja kwa moja, kwa sababu hakujua kuzungusha maneno: "Wewe ni wa huku. Unajua Kisukuma, unajua watu. Nitafutie maji. Kazi hii ikiwepo, chumba cha uani ni chenu watatu. Kazi ikiisha, mimi nahitaji stoo yangu."

Kile chumba nakiona hadi leo. Kilikuwa stoo ya majora, na harufu ya kitambaa kipya haikutoka hata tulipokipiga deki kwa majivu. Kulikuwa na rafu tatu ndefu za mbao ukutani. Ya juu tuliweka nguo, ya kati vyombo na madaftari ya shule, ya chini Milembe alilala kwa mapenzi yake mwenyewe, akikataa kitanda, akisema yeye ni jora la hariri. Asubuhi alikuwa akijiviringisha shuka na kupiga kelele, "Mita mbili, mama, au tatu?" na Masanja anajifanya anampima kwa mkono. Dirisha lilitazama jiko la Mama Zarina, kwa hiyo tuliamka kwa harufu ya tangawizi na iliki, halafu tukala michembe yetu, viazi vile vikavu vilivyopikwa kwa karanga, na hakuna aliyeona amepungukiwa. Nilikitazama chumba kile kila nilipotoka, nikijua kimeshikwa na uzi mmoja.

Utafutaji wenyewe ulikuwa na kanuni yake. Miaka ile magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, kwa sababu ya shida ya mafuta, na Jumapili ndiyo siku pekee duka lilipofungwa. Tuliondoka kumi na mbili alfajiri. Ukitoa muda wa kuogelea, mahali penyewe pasiwe mbali zaidi ya saa mbili za barabara mbovu. Ziwa kule Mwanza, au kule Chato ambako wauza samaki walitusifia mchanga mweupe, lilikuwa nje ya hesabu hiyo. Ilibidi maji yawe yetu, ya humu humu kwenye mbuga. Jumapili ya kwanza niliwapeleka kwenye mto niliokumbuka una maji, tukakuta mchanga mtupu na punda amelala katikati. Ya pili niliwapeleka kwenye kidimbwi kizuri kati ya mawe, upande wa Tinde, maji yanang'aa kama kioo. Zarina alikuwa ameshavua kiatu kimoja, akatokea mwanamke na mtungi, akatutazama kwa zamu. "Mnataka kuoga humu? Haya tunakunywa. Mnataka tunywe jasho lenu?" Mama Zarina akaomba radhi na kumpa chapati. Yule mama akaipokea, akaila pale pale, akasema chapati nzuri, sasa tuondoke.

Ya tatu nikapata. Ilikuwa lambo la kunyweshea ng'ombe nyuma ya kijiji kimoja upande wa Songwa, maji mapana yaliyotulia, na kwa upande mmoja majani marefu yenye maua madogo. Nililichagua mimi mwenyewe na nilijivuna. Ukingo ulikuwa umekanyagwa na kwato hadi ukawa mgumu, unashuka taratibu, hauna utelezi wala shimo la ghafla, na majani yale yalikinga upepo. Mtoto mwenye vyuma mguuni angehitaji nini zaidi? Nilimsalimu mwenye mifugo, mama mnene aliyekuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, akatuambia, "Maji haya hayana ubaya. Ng'ombe wangu hawajapata ruba hata mmoja." Kisha akalizunguka gari letu, akachungulia nyuma. "Huyu mama wa Kihindi anaendesha mwenyewe? Mume wake mmemweka kwenye buti?" Nilipomtafsiria, Mama Zarina alicheka hadi akashika usukani. "Mwambie angekuwepo angekuwa kwenye buti kweli, alikuwa mwoga wa barabara."

Miezi mitatu ya mwanzo wa mvua tulikwenda pale kila Jumapili. Mama Zarina aliingia na gauni lake kuukuu, akimshika binti yake chini ya mgongo, na Masanja, ambaye alijifunza kuogelea kwa siku moja kama chura, alishikilia tyubu ya tairi la lori upande wa pili. "Lala," mama alisema. "Lala kama kitandani. Acha shingo." Zarina alipiga kelele, akameza maji, akatukana kwa Kigujarati maneno ambayo mama yake alikataa kututafsiria. Jumapili ya nne aliacha shingo. Nilikuwa nimekaa ukingoni na vile vyuma mapajani mwangu, vizito, vya moto kwa jua, na nikamwona msichana yule anaelea peke yake, miguu yote miwili imenyooka sawa juu ya maji, na huwezi kujua upi ni upi. Milembe, aliyeogopa maji, alilinda chakula. Tulikula kababu na chapati kutoka kwenye kopo la Mama Zarina, na matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, kutoka kwenye kanga yangu, na Zarina alipendelea matobolwa. Nilikuwa nikirudi nyumbani Jumapili zile nimenyoosha kichwa dirishani kama mwenye gari.

Ilikuwa baada ya hapo, siku moja asubuhi, Masanja aliingia kutoka nyuma ya ua wa minyaa akijaribu kuficha tabasamu. "Dada," akasema, "na mimi tayari." "Tayari nini?" Akanong'ona. Alikuwa amekojoa damu. Msomaji wa leo atashtuka. Mimi nilifurahi. Kwetu wavulana wote waliochunga waliona damu kwenye mkojo wakifika umri ule, na wakubwa walicheka wakasema kijana amekomaa, amefika. Sikuwahi kusikia mtu akiita ugonjwa. Nilimkaangia yai zima la kwake peke yake, Milembe akanuna, na kwa sababu konda wa basi la Geita alikuwa anapita dukani kununua khaki, nilimpa salamu ampelekee baba mdogo: sote wazima, na Masanja sasa ni mwanaume. Nilidhani habari hiyo itampa baba mdogo heshima kwetu. Nilikuwa nimemwita kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wiki tatu baadaye Mama Zarina alikuwa na wageni wa chai. Nilikuwa jikoni nakanda unga wa chapati, mlango wa sebuleni uko wazi, na rafiki yake mmoja aliyewahi kuwa muuguzi alikuwa akisimulia habari za mtoto wa ndugu yake aliyeugua. Sikuwa nasikiliza. Mtu akikanda unga husikia bila kusikiliza. "Malambo haya," alisema, "usimtie mtoto. Ni maji ya kichocho. Kuna konokono wadogo wanakaa kwenye majani, wanatoa mdudu, anapenya kwenye ngozi hata huhisi. Baadaye mtoto anakojoa damu, na hawa wenyeji wanaona kawaida! Unaharibika ndani taratibu, kibofu, figo." Mama Zarina akasema, "Sisi tunakwenda Songwa, Kabula amechagua mahali safi, wenyewe wanasema hawana ruba." Mikono yangu ilisimama kwenye unga. Niliona ule ukingo, kwato, majani marefu, maji yaliyotulia. Nilikuwa nimechagua maji kwa macho ya ng'ombe. Kila kitu nilichokisifia mahali pale ndicho konokono anachokipenda.

Nilimaliza kukanda. Nilisukuma chapati zote, nikazikaanga, nikazipeleka mezani zikiwa za moto, na nilikuwa nawaza jambo moja tu. Zarina alikuwa hajaona damu. Huenda hakuwa nayo. Nikinyamaza, naweza kusema lambo limekauka, nikatafuta maji mengine, na chumba kikabaki. Nikisema, kazi imeisha leo na stoo inarudi kuwa stoo, na pamba ilikuwa tayari magotini shambani. Nawaambia wajukuu wangu kwamba sikufikiri mara mbili, lakini hapa nitasema kweli: nilifikiri kuanzia chapati ya kwanza hadi ya ishirini. Wageni walipoondoka nilikwenda nikasimama mlangoni. "Mama Zarina, naomba uzime redio." Akazima. Nikamweleza. "Tangu lini?" akauliza. "Wiki tatu." "Wiki tatu umeona damu ukakaa nayo?" "Niliona damu, sikujua ni ugonjwa. Kwetu tunasema kijana amekomaa." "Amekomaa!" Alirudia neno lile. Kisha akaja jikoni, akakaa juu ya gunia la mchele. "Ungeweza kunyamaza, Kabula." "Ningeweza." "Na chumba?" "Stoo ni yako, mama."

Alichukua funguo, akatupakia wote kwenye Pijo tukiwa na nguo za nyumbani, tukaenda hospitali. Mtu wa maabara aliitwa Bwana Shija, mfupi, mcheshi, koti lake jeupe lina madoa ya rangi zote. Masanja alikuwa na kichocho. Zarina alikuwa nacho. Mama Zarina alikuwa nacho. Mimi na Milembe, tuliobaki nchi kavu, tulikuwa safi, na usafi ule ulinichoma kuliko ugonjwa. Walipewa vidonge, wakatapika siku tatu. Mama Zarina aliugulia kitandani na kuniamuru mambo ya jikoni kwa vidole. Hakutufukuza na hakusema tubaki. Jumapili ikapita gari likiwa limeegeshwa. Jumapili nyingine vile vile. Zarina alikuwa akinitazama kwa dirisha la jikoni, halafu anaugonga mguu wake kwenye chuma, kidogo kidogo, kama anayebisha hodi.

Sikungoja kuitwa. Nilirudi kwa Bwana Shija nikamwambia anifundishe huyo konokono. "Unataka kumfuga?" "Nataka kumkimbia." Akanipeleka uani, akanionyesha kwenye kopo: mdogo kama punje ya choroko, mweusi mweusi, gamba limejisokota. Akaniambia anapenda maji yaliyotulia, majani, matope, na watu wanaokojoa ndani. Kwamba nichote majani kwa chekeche, nitikise, nihesabu. "Shimo jipya, halina majani, halina njia ya watu, hilo unaweza kuliamini mwaka huu. Mwakani usiniulize." Niliazima baiskeli ya mshona nguo wa barazani. Kila jioni baada ya kazi nilichukua chekeche la unga na kwenda. Nilipiga magoti kwenye kila dimbwi la upande huo wa mji. Wachungaji waliniita mwendawazimu wa chekeche. "Mayu, umepotezea pete humo?" "Nimepotezea macho," niliwajibu, wakacheka, lakini walinionyesha madimbwi mengine.

Nililipata kwenye barabara ya Tinde. Watu wa barabara walikuwa wamechimba moramu kiangazi kilichopita wakaacha shimo kubwa la mraba, kuta za mawe mekundu, sakafu ya changarawe, na mvua zilikuwa zimelijaza hadi kifuani. Mara ya kwanza maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Wiki mbili baadaye tope lilikuwa limetuama na niliona changarawe chini. Hakukuwa na jani hata moja. Nilichekecha pembe zote nne, siku tatu mfululizo, nikapata mende wa maji na spana. Nikaenda kwa Mama Zarina nikiwa na matope hadi kiunoni, nikamwambia nimepata. Alikuwa anapima kitenge. "Nitaona kwa macho yangu," akasema. Jumapili tukaenda wawili tu. Yule mama, mwenye duka, mwenye bangili sita, alipiga magoti kwenye moramu, akashika chekeche, akachota, akatikisa, akachota tena, pembe kwa pembe, kwa karibu saa nzima. Mwishoni akakaa chini, gauni limelowa rangi nyekundu. "Mende," akasema. "Mende, mama," nikasema. Akanirushia maji usoni, na ndipo nilipojua amenisamehe.

Tuliweka sheria: kamba ya katani kutoka kwenye bampa la Pijo hadi kwenye tyubu, hakuna kukojoa karibu, na chekeche kwanza kabla mtu hajavua kiatu. Zarina aliogelea pale wiki zile zote za mwisho wa mvua. Siku moja aliachia tyubu mwenyewe, akavuka shimo kutoka ukuta hadi ukuta, akagusa jiwe, akarudi, mama yake akitembea ukingoni sambamba naye, amenyoosha mikono kama anayefukuza kuku. Alipotoka hakuomba vyuma. Alishika bega langu la kulia na la Masanja la kushoto, akakanyaga changarawe kwa mguu ule mwembamba, akauambia, "Haya, na wewe tembea."

Baba mdogo alifika Jumamosi iliyofuata, pamba haijavunwa hata kidogo. Salamu zangu zilikuwa zimemfikia. Aliingia na mfuko mmoja na kicheko kikubwa, akampiga Masanja mgongoni. "Nimeambiwa kijana amekomaa! Sasa tungoje nini? Kule shimoni nahitaji mtu wa kuvuta kamba." Tukampa chakula, ugali wa mtama, mlenda, maziwa mgando. Nilimwacha ale ashibe, kisha nikamwambia. "Baba, ule ni ugonjwa. Ametibiwa." Akasimamisha kidole chenye mlenda. "Ugonjwa? Mimi nimekojoa damu tangu sijaoa. Nina watoto saba. Ugonjwa gani unazaa watoto saba?" Masanja alikuwa anatazama miguu yake. Milembe alikuwa amejikunja kwenye rafu yake. "Basi twende ukapimwe," nikasema. "Ukiwa mzima, nitakufungia nguo zao kwa mikono yangu." Sijui nilitoa wapi ujasiri ule. Nadhani ulitoka kwenye magoti, kwa madimbwi yote yale. Yeye aliona ni ushindi wa bure. "Twende," akasema. "Hata sasa hivi."

Jumatatu asubuhi Bwana Shija alimketisha mbele ya darubini. "Funga jicho moja, mzee. Siyo hilo. Unaona kitu kama mbegu ya tango, kina mwiba mkiani?" "Nakiona." "Hicho ni chako." "Changu mimi?" "Viko vingi, usione haya, nimekuchagulia mnene." Baba mdogo akaondoa uso, akautazama ule mtambo kwa chini, kama anayetafuta mahali walipokificha. Akarudi kutazama. Alikaa pale muda mrefu. Alipoinuka kicheko kilikuwa kimemtoka. Njiani kurudi, tulipofika sokoni, akauliza bila kunitazama, "Na huu mgongo unaoniuma miaka yote?" Nikamwambia sijui, amuulize daktari. "Na wale wanangu? Wote wanaoga mtoni pale ninapochekechea."

Vidonge vilimlaza. Alilala siku tatu kwenye kitanda cha Masanja, beseni pembeni, anaapa kwamba Bwana Shija amemwekea sumu. Sikuacha kazi kumtazama. Asubuhi nilikwenda jikoni kwa Mama Zarina, Masanja akamwaga beseni na kulisugua kwa majivu kabla ya kwenda shule, Milembe akirudi mchana akakoroga uji wa uwele na kumsimamia hadi amalize. "Kunywa, baba. Kibakuli kizima. Dada atauliza." Mama Zarina alimletea maji ya ndimu na chumvi, akamwambia kutoka mlangoni, "Pole, baba. Mimi nilitapika zaidi yako." Jioni alilala amegeukia ukuta, anasikia yote: Masanja akisomewa hesabu na Zarina dirishani, Milembe akijipigia bei kwenye rafu, mimi nikiuliza nani ameosha sufuria na nani anasingizia. Siku ya tatu alisema tutaongea kesho. Nikafunga nguo za wadogo zangu kwenye kanga, kila kitu, na nikauweka mzigo karibu na mlango, maana sikutaka nifunge mbele ya macho yake.

Asubuhi alinawa, akavaa, akafunga mfuko wake. Masanja na Milembe walisimama ukutani wakiwa na sare za shule. Baba mdogo aliutazama mzigo ule mlangoni, akautazama sana, kisha akaukwepa kwa mguu, akatoka hadi kizingitini, akageuka na kuvua kofia. Kwetu mgeni haondoki hivi hivi. Humuaga mwenye nyumba, na mwenye nyumba asipomruhusu, hukaa. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, unga umenikauka kwenye vidole, na yeye alikuwa na umri wa kunizaa.

"Mwenye nyumba," akasema, "naomba ruhusa niondoke."

Niligeuka kuona anaongea na nani. Nyuma yangu kulikuwa na rafu tu.

"Ruhusa umepata, baba," nikasema. "Wasalimie nyumbani."

Hakuwa amefika getini, Milembe alikuwa ameshaanza kuifungua kanga.